Mwalimu, Mbona Kifua Hakiniumi?

Nilipoanza kufundisha Muleba, mwishoni mwa miaka ya 1980, Kagera ilikuwa mkoa wa misiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa huku kwetu mwaka 1983. Watu wakauita ugonjwa ule Juliana, jina la nguo zilizoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Watoto hawakuambiwa kitu. Aliyefiwa na baba aliambiwa baba karogwa, au kasafiri. Darasani anakaa ameinamia daftari, nasi tunaendelea na hesabu.

Waganda walitutangulia. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza kuwa ana virusi, akapita makanisani na shuleni akisema na vijana, mpaka alipofariki Desemba ya mwaka huohuo.

Kwetu elimu ya ugonjwa huu iliingia shuleni kwa vitisho: mabango ya mafuvu, na maneno kwamba UKIMWI unaua. Hebu fikiria mtoto aliyemwacha mama yake hoi kitandani, anakaa chini ya bango hilo kutwa nzima! Sijaona ukatili kama ule. Na watoto haohao ndio walioshika nyumba. Kijana wa darasa la sita anaamka alfajiri, anapalilia kibanja, anamwogesha mdogo wake na kumkabidhi kwa bibi, kisha anakimbia kuwahi namba. Ukimuuliza habari za nyumbani anajibu, "Nzuri, mwalimu."

Mwaka 1999 Rais Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, lakini kilichofungua vinywa hasa ni dawa. Kuanzia 2004 ARV zikatolewa bure, na wazazi tuliokwisha kuwakatia tamaa wakaanza kuonekana tena kwenye vikao vya shule. Hapo mtu aliweza kumweleza mtoto ugonjwa bila kumtajia kaburi.

Msichana mmoja wa darasa la tano alinifuata wenzake walipokwisha kutoka. "Mwalimu, bibi ananipa vidonge kila jioni, anasema ni vya kifua. Mbona kifua hakiniumi?" Nikamwendea bibi yake. Alilia, akakubali. Tukaketi mkekani, yeye, mjukuu na muuguzi wa kliniki, na bibi akataka aseme mwenyewe. Mtoto alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mimi nitakufa kama mama?"

"Mama yako dawa hazikumkuta, mjukuu wangu. Wewe unazo, na ukizimeza vizuri utanizika mimi."

Akanyamaza kidogo, akaomba awe anazitunza mwenyewe.

Walimu wenzangu, watoto hawa bado wamo madarasani mwetu, na wengine wanauguza wazazi wenye saratani au ugonjwa wa figo. Mtoto akikuuliza, usimdanganye. Mtafute anayemlea, mkae pamoja, ajibiwe alichouliza, na siri yake isifike ofisi ya walimu.