Nzuri, ila...

Poleni kwa ukimya, zamu za usiku zimenikaba. Leo siongelei viza wala baridi, naongelea sanaa. Msicheke!

Kuna msanii wa Kiingereza anaitwa Gillian Wearing, mzaliwa wa Birmingham, 1963. Anafanya picha na video, na anachochezea ni maisha ya kila siku ya watu wa kawaida. Mwaka 1992 na 1993 alisimamisha watu asiowajua kwenye mitaa ya London, akawapa karatasi na kalamu waandike lililo moyoni, kisha akawapiga picha wameishika. Iliyovuma zaidi ni ya kijana wa suti na tai, uso mtulivu kabisa, anatabasamu kidogo, kumbe karatasi inasema yuko taabani. Yupo na polisi aliyeandika neno moja tu, la kuomba msaada.

Mliokaa huku mnajua uzito wake. Mwingereza anakuuliza "uko sawa?" na miguu yake inaendelea kutembea. Jibu ni moja tu. Na sisi tunajibu "nzuri" hata paa likiwa linaungua, lakini sisi tuna "ila". Habari za nyumbani? Nzuri, ila mtoto ana homa. Hujambo mama? Sijambo, ila mguu tu huu. Habari yenyewe huwa inaanzia hapo, na anayeuliza anasubiri ifike. Zile karatasi za Wearing naziona ndiyo "ila" aliyowapa Waingereza.

Baba yangu alipofariki nauli haikutosha, nikaingia kazini kama kawaida. Mwenzangu akanikuta koridoni, akaniuliza niko sawa, nikasema ndiyo, akapita na toroli lake la dawa. Mtu mwema sana yule, wala simlaumu. Salamu yenyewe ndiyo haikuwa na nafasi ya msiba.

Halafu kuna video yake ya mwaka 1996, iliyomsaidia kupata Tuzo ya Turner mwaka 1997. Watu 26 wamevaa sare za polisi, wamejipanga kama wanaopigwa picha ya pamoja, na wameambiwa watulie kimya saa nzima. Basi, hakuna kingine. Mwanzoni unadhani ni picha. Ukikazia macho unaona mmoja anajikuna, mwingine anahamisha uzito mguu huu kwenda ule. Kadiri muda unavyokwenda sare inabaki sare, ila watu wanaanza kuchungulia ndani yake. Mwishoni, saa ikitimia, mmoja anapiga ukelele.

Wauguzi wenzangu wataielewa hii haraka. Hatumwambii mgonjwa kwamba tunahesabu pumzi zake. Unamshika mkono kana kwamba bado unapima mapigo, macho yako yako kifuani, dakika nzima. Ukimwambia tu, anaanza kupumua kwa adabu! Mtu mzima ni pumzi 12 hadi 20. Nimeshawahi kuwa na mzee aliyesema hana tatizo lolote, samahani kwa usumbufu dada, na kifua kinakwenda 28. Daktari aliitwa usiku ule ule. Wearing naye anafanya hivyo hivyo, anasubiri hadi mtu achoke kujipanga.

Kuna kitu kinanikwaza lakini. Mgonjwa akiniambia la moyoni, linaishia kwangu na kwenye faili lake. Nikimpiga picha nimefukuzwa kazi, na ni haki. Wearing anatundika ukutani, watu wanalipa kiingilio, na yule kijana wa suti tunamtazama miaka zaidi ya thelathini sasa akiwa bado taabani. Najua walikubali wenyewe, kamera waliiona. Ila kukubali dakika ile barabarani na kukubali miaka yote hii, sidhani kama ni kitu kimoja.

Haya, nyie mngeandika nini? Mimi ningeandika jina la baba. Naingia zamu saa mbili usiku.