Krismasi Msimbati, na wageni kutoka ng'ambo ya Ruvuma

Nazi ilianguka juu ya bati saa mbili usiku. Sisi wengine tuliendelea kula. Msimbati ni minazi kila upande, na kishindo hicho watoto wa hapa wamekizoea tangu tumboni. Lakini mgeni wetu wa miaka minane hakuwepo tena mkekani. Tulimkuta chini ya kitanda cha mama yangu, ameziba masikio kwa viganja.

Alikuwa amefika siku mbili kabla, yeye na bibi yake, ambaye mimi ni mama yangu mdogo. Walitoka Palma, Msumbiji, kuja kula nasi Krismasi. Familia nyingi zikitaja likizo kwa ndugu walio nje ya nchi, mawazo huenda London au Muscat. Kwa binti huyu, nje ya nchi ni kijijini kwetu.

Wengi wa ndugu zangu Msimbati ni Waislamu, kwa hiyo huenda ukashangaa Krismasi inatuhusu nini. Ni kwamba nchini Msumbiji, Desemba 25 kwenye kalenda ya serikali inaitwa Siku ya Familia. Hata asiyekwenda kanisani siku hiyo anatafuta ndugu zake. Huku nyumbani shule zimefungwa, maembe yameiva, na waliouza korosho wana chochote mfukoni. Basi tunakutana.

Mpaka wenyewe ulitukuta tukiwa ndugu tayari. Kionga, kipande cha ardhi kusini mwa mdomo wa Ruvuma, Wajerumani walikichukua mwaka 1894. Wareno wakakitwaa mwaka 1916, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukawaachia. Mabibi zetu hawakuhama, bendera ndizo zilizobadilika juu yao. Mpaka leo Kimakwe kinazungumzwa pande zote mbili, na Kiswahili kinasikika hadi sokoni Palma.

Nilipokuwa mdogo, sisi ndio tuliokuwa tukienda. Tulifika Kilambo asubuhi, tukangoja maji yajae, tukavuka kwa mtumbwi, kisha tukapanda nyuma ya gari wanaloliita chapa, tukitikiswa kwenye mchanga hadi Palma. Saa zetu tulizirudisha nyuma saa moja, nasi watoto tukishangilia kwamba tumeongezewa muda wa kucheza. Mama mdogo alitupikia matapa, yaani kisamvu cha karanga na nazi, na kila mtoto wa kike alirudi na kipande cha kapulana.

Halafu mashambulizi yakaanza Cabo Delgado, Oktoba 2017. Oktoba 2020 yalivuka mto na kukifikia kijiji cha Kitaya, huku kwetu Mtwara. Machi 24, 2021 ikawa zamu ya Palma. Mama mdogo alitembea porini siku kadhaa akiwa na mjukuu huyo mgongoni, mtoto wa miaka minne. Baadaye walirudi mjini kwao. Tangu hapo sisi hatujavuka tena, wao ndio wanaokuja.

Usiku ule wa nazi, nia njema ilitaka kuharibu. Mjomba alicheka, "Mjukuu wangu, unaogopa nazi?" Jirani akataka asimuliwe yaliyotokea Palma. Mama mdogo alisema neno moja tu, "Mwacheni." Akakaa sakafuni karibu na kitanda, akaendelea kumenya maembe. Baada ya nusu saa hivi, mkono mdogo ulitoka chini ya kitanda kuomba kipande.

Nimeandika habari za afya kwa miaka kadhaa, na wataalamu wa afya ya akili niliowahoji wasingemwelekeza tofauti. Mzazi, ukipokea mtoto aliyepitia vita, usimlazimishe kusimulia. Akitaka kusema, msikilize. Usimcheke wala kumwambia "hakuna kitu," kwa sababu kwake kipo. Mwambie kinachotokea kwa maneno mepesi: ile ni nazi, imeanguka, uko salama. Mpe ratiba inayotabirika ya kula, kuoga na kulala, na mwache acheze. Wanao pia waandae kabla mgeni hajafika. Na baruti za mkesha, kama zipo mtaani kwenu, mwarifu mapema.

Kukojoa kitandani, kushtuka usingizini, ukimya au kumganda mtu mmoja ni mambo ya kawaida kwa mtoto aliyeogopeshwa, wala si utundu. Yakidumu au yakimzuia kula, kulala na kucheza, mpeleke kituo cha afya, ukaulizie afisa ustawi wa jamii au mhudumu wa afya ya akili.

Jambo la pili ni malaria. Mvua za kusini huanza mwezi huo huo wa wageni. Walale ndani ya chandarua, hata kama mmebanana. Dalili mara nyingi hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu, yaani mgeni akiwa ameshasharudi kwao au wewe umerudi kwako. Mtoto akipata homa, apimwe siku hiyo hiyo, na umwambie mhudumu mlikuwa wapi. Usiseme ni uchovu wa safari.

Siku ya sita nazi nyingine ilianguka. Binti aliruka, akashika sahani kwa mikono miwili. Mwanangu wa miaka mitano akatoka mbio, akarudi nayo akiwa ameikumbatia. "Ni nazi tu. Tuifue?" Hakwenda chini ya kitanda. Lakini sahani hakuiachia mpaka tulipomaliza kula.

Asubuhi ya kuondoka kwao, mama mdogo aliniaga akiwa na saa yake mkononi, ambayo siku zote hizo hakuisogeza mbele. Inaonyesha saa za Palma.

"Mwakani mje ninyi," alisema. "Mtoto wako hajaiona nyumba yangu."

Nilimwambia, "Inshallah, mama." Mwanangu ameshaniuliza mara tatu tunaenda lini, na sijapata jibu la kumpa.