Shangazi Ameuza Kopo

Shangazi amenipigia simu kutoka Tabora kunijulisha, kwa furaha kabisa, kwamba amesafisha stoo. Kijana wa chuma chakavu alipita na mkokoteni na mizani yake. Akachukua pasi mbovu, akachukua rimu ya baiskeli ya marehemu babu, na mwisho akachukua lile kopo la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati tangu sijaanza shule. Kopo la sarafu. Senti za sungura, senti za mbuni, za samaki, shilingi za mwenge, na zile zenye tundu za enzi ya Mwingereza tulizokuwa tunazitunga kwenye uzi. Zote zimepimwa kwa kilo. "Hazinunui hata kiberiti, mwanangu," akasema. Nikamwitikia kwa heshima, nikamuuliza hali ya mvua, tukaagana. Roho inaniuma mpaka sasa ninapoandika.

Imeniuma zaidi kwa sababu wiki hiyohiyo jirani yangu hapa Reading, Uingereza, alinigongea mlango jioni, amevaa ndara kwenye baridi ile, kunionyesha sarafu moja ya peni 50. Ina picha ya mnara wa Kichina uliozungukwa na mmea unaotambaa. Ni ile ya mwaka 2009, ya kuadhimisha miaka 250 ya bustani ya Kew. Zilitengenezwa 210,000 tu, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni sitini, na leo mtu akiipata huweza kuiuza kwa pauni mia na zaidi. Yeye hana mpango wa kuiuza. Alitaka tu mtu wa kuitazama pamoja naye, na mkewe amelala.

Mzee huyu ni dereva wa basi mstaafu. Anaishi kwa pensheni, na nguo zake anazinunua kwenye duka la mitumba la hisani kama sisi wengine. Lakini kila wiki huenda benki na noti ya pauni 10 na kurudi na kimfuko cha plastiki chenye sarafu 20 za peni 50. Meza ya jikoni inatandikwa taulo, taa inavutwa karibu, lenzi inafutwa. Sarafu zinamwagwa, zinageuzwa zote upande wa picha, na vidole vyake vinapita juu yake kama mtu anayechagua mchele. Za ngao ya kawaida zinasukumwa kando bila kusimama. Inayobaki ndiyo anayoiinua kwenye mwanga. Akimaliza anazirudisha kwenye kimfuko na kuzipeleka tawi jingine, si lile alikozitoa, ili asikutane nazo tena. Siku hizi matawi yanafungwa mji mzima, basi mzunguko wake umelazimika kupita posta.

Nilidhani anatafuta mnara ule tu. Wapi! Kuna peni 50 ya samaki ya 2023, katika seti ya kwanza ya Mfalme Charles yenye wanyama na mimea ya Uingereza. Hizo zilitolewa 200,000, kwa hiyo imeipita ya Kew kwa uhaba. Kuna zile 29 za Olimpiki ya London, kila mchezo na picha yake, na ya riadha ilichorwa na msichana wa shule ya msingi aliyeshinda shindano la kipindi cha televisheni cha watoto, Blue Peter. Kati ya hizo 29 ya mpira wa miguu inaeleza sheria ya kuotea kwa mchoro. Na ya kuogelea ina siri: mchoro wa mwanzo ulikuwa na mistari ya maji inayopita juu ya uso wa mwogeleaji, wakaubadilisha ili uso uonekane, ila sarafu chache za mwanzo zilishatoka. Mtu wa kawaida anaziona ni sawa. Jirani yangu anaangalia pua ya mwogeleaji.

Kisha ile ninayoipenda mimi kuliko zote, peni 20 isiyo na mwaka. Mwaka 2008 Waingereza walibadilisha picha za sarafu zao, na mwaka wa kutengenezwa, ambao ulikuwa upande wa ua, ukahamishiwa upande wa kichwa cha Malkia. Kiwandani mtu akafunga mhuri wa zamani wa kichwa pamoja na mhuri mpya wa picha. Upande mmoja haukuwa na mwaka kwa sababu ni wa zamani, na wa pili haukuwa nao kwa sababu ni mpya. Maelfu mengi yakatoka hivyo, yakaingia madukani, yakalipia mikate na tiketi za basi kabla hayajatambuliwa. Fikiria basi: kosa moja la kiwandani linaishi mifukoni mwa watu mpaka leo, na mtu yeyote anayelipa kwa sarafu anaweza kulishika mkononi.

Jirani pia amenifundisha kutopumbazika. Mtandaoni utaona mtu anauza peni 2 ya 1971 kwa mamia ya pauni, ati adimu kwa sababu imeandikwa "New Pence". Za mwaka huo zilitengenezwa zaidi ya bilioni moja. Maneno hayo yana maana kwenye za 1983 tu, kwa kuwa wakati huo yalikuwa yameshaondolewa na mhuri wa zamani ukatumika kimakosa kwa chache, nazo nyingi zilikuwa ndani ya seti za zawadi. Vilevile hana mkono mtupu akitoka: ana sumaku ndogo kwenye ufunguo wa nyumba. Peni za shaba za kabla ya 1992 hazishiki sumaku, za baada yake ni chuma kilichopakwa shaba na zinashika. Peni 2 za 1998 zipo za aina zote mbili. Sarafu mbili zinazofanana kama pacha, sumaku inaziachanisha.

Anajuaje yote haya? Hapo ndipo hasa wivu wangu ulipo. Royal Mint, kiwanda chao kilichoko Llantrisant kule Wales, hutangaza idadi ya kila aina ya sarafu iliyoingia mitaani. Idadi inatangazwa, magazeti yanaichapa, na mtoto wa miaka saba anajua kwamba ya samaki ni 200,000. Bila idadi hakuna uwindaji. Sasa fungua katalogi kubwa ya sarafu za dunia, ukurasa wa Tanzania. Za mwanzo za 1966 zina idadi. Ukifika miaka ya tisini, kwenye faru wa shilingi 50 na swala wa shilingi 100, safu ya idadi ni nyeupe, mstari baada ya mstari.

Najua jibu mtakalonipa. Nyumbani chenji yenyewe haipo. Konda anakwambia subiri kituo cha mbele, dukani unarudishiwa pipi, na siku hizi kila kitu ni lipa namba. Mwenye kutafuta nauli hana muda wa kutazama pua ya mwogeleaji. Sawa. Lakini jirani yangu naye si tajiri, na uwindaji wake haumgharimu kitu: pauni 10 inaingia, pauni 10 inatoka. Kilichobaki ni macho. Na wenzetu Wakenya tusiwasahau. Dada mmoja wa Kisumu ninayefanya naye kazi za usiku amebeba kwenye pochi ile shilingi 40 ya 2003, ya miaka arobaini ya uhuru, yenye sura ya Rais Kibaki. Anajua kwamba katiba ya 2010 iliondoa sura za watu kwenye pesa zao, na kwamba ndiyo maana tangu Desemba 2018 wana twiga, faru, simba na tembo. Anaieleza hadithi hiyo kwa fahari, saa tisa za usiku, tukisubiri chai.

Sisi tukitaja sarafu za zamani, watu wanasikia rupia za Mjerumani. Niliposema na mjomba wangu kwenye simu kwamba natafuta sarafu, alishusha sauti akaniuliza nina mnunuzi wa kweli au ni wale matapeli. Kila ukoo una mtu aliyechimba uani kutafuta mali ya Mjerumani, na kila ukoo una aliyeliwa pesa na watu wa rupia. Kelele hizo zimeifunika hadithi ya kweli, tena hadithi ya Tabora kwetu.

Mwaka 1916, vita vikiendelea na manowari za Waingereza zimeziba bahari, Wajerumani waliishiwa sarafu. Wakazipiga wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa mashine walizoziunga papo hapo. Walitengeneza sarafu za heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya njano, zenye herufi T ya Tabora. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakatengeneza rupia 15 yenye tembo na mlima nyuma yake. Mihuri ilikuwa ya kuchongwa kwa haraka, ndiyo maana heller zile hazifanani: nyingine taji ni kubwa, nyingine dogo; nyingine ncha za L mbili zimepinda, nyingine zimechongoka. Mwezi Septemba mwaka uleule majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji, na kazi ikaishia hapo. Wakusanyaji wa Ulaya wanazipanga leo kwa taji na kwa ncha ya herufi, na kuuziana minadani. Mimi nimezaliwa Tabora, nikasoma Tabora, na jambo hili nimelisoma Reading.

Ndani ya kopo la Shangazi ilikuwamo moja ya hizo? Baba alikuwa anasema ipo. Sitaki kulifikiria zaidi.

Badala yake nimempa kazi mpwa wangu wa Dar. Nimemwambia aachane na mabenki, aende kwa wauza chenji wa stendi ya Mbagala, wale wanaochezesha sarafu mkononi asubuhi makonda wakizinunua kwa nyongeza kidogo. Hakuna watu wanaopitiwa na sarafu nyingi kuliko wale katika nchi nzima. Mpwa alikwenda na sumaku ya spika mbovu na shilingi 10 chache za bibi yake wa Temeke. Za 1987 zilianguka, za 1990 zikang'ang'ania, kama nilivyomwambia. Muuza chenji akacheka. Akasema yeye hahitaji sumaku, zinajulikana kwa mlio. Akafumba macho, mpwa akaziangusha moja moja kwenye sinia, na akazitaja zote bila kukosea.

Kisha akamwaga mfuko wake wa siku hiyo akaanza kutenga shilingi 200 za simba kwa mwaka: 1998 huku, 2014 kule. Mpwa ananiambia fungu la 1998 lilikuwa dogo sana. Muuza chenji akataka kujua kama ni dogo Mbagala tu au nchi nzima, na zilitengenezwa ngapi kwanza. Nawaomba mnaofanya kazi Benki Kuu, na najua mpo mnaosoma hapa: mchapishe idadi, kila aina na kila mwaka, kuanzia 1966. Ukurasa mmoja unatosha. Mpwa wangu atauchapa aupeleke stendi.