Dakika Moja na Nusu

Mimi ni katibu wa chama cha kuzikana cha kitongoji chetu, wilayani Muleba. Kazi yenyewe si kubwa, lakini haina mzaha. Mtu akifiwa usiku, alfajiri watu wamekwisha fika uani kwangu kuuliza kama ada ya marehemu imelipwa, na kamati itoe kiasi gani. Zamani nilikuwa nikifungua daftari. Tangu macho yaanze kunisumbua, orodha yote imo ndani ya kompyuta mpakato aliyoniachia mwanangu alipopata nyingine, nami hukuza maandishi kadiri nipendavyo.

Kompyuta hiyo ni mzee mwenzangu, na ndiyo sababu fundi aliyeitengeneza mwaka 2020 aliiwekea Linux. Mfumo huo aliuanzisha Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, na hadi leo watu huutumia bila kulipia. Aina niliyo nayo mimi huitwa Ubuntu. Ilianza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo Mhaya hana haja ya kutafsiriwa, maana mtu kwetu ni omuntu. Mwaka huo huo wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Nalitaja jambo hili kwa kuwa wako watu wanaodhani kompyuta haijui Kiswahili.

Desemba 2022, wakati wa senene, mjukuu wangu anayesoma mjini Bukoba alikuja likizo. Kompyuta ilikuwa inaomba kupandishwa kutoka toleo la 20.04 hadi 22.04. Kijana akanunua bando kwa fedha yake, akakesha nayo, na asubuhi akanikabidhi ikiwa na sura mpya. Baada ya Krismasi akarudi mjini.

Kuanzia wiki hiyo kompyuta ikawa nzito. Zamani ilikuwa tayari kwa muda wa dakika moja hivi. Sasa niliiwasha, nikakaa, nikasikiliza nyimbo mbili katika redio yangu ndogo, ndipo ikafunguka. Nikifungua orodha pamoja na kivinjari cha intaneti, ilikwama kabisa, hata mshale usisogee.

Januari jirani yetu mmoja alifiwa na mama yake. Watu wakaja alfajiri kama desturi. Nikaiwasha kompyuta mbele yao, ikakwama, nikaizima, ikakwama tena. Mwishowe mweka hazina alitoa fedha kwa kukisia, akakosea, na familia ile ikapokea pungufu ya haki yake siku ya msiba. Mzee mmoja akasema kwa upole, "Mwalimu, tungebaki na daftari." Upole ule uliniuma kuliko tusi.

Nikampigia simu mjukuu wangu pale pale, watu wakisikia. Nikamwambia ameniharibia kompyuta, ameniaibisha, na kwamba asiguse tena kitu asichokijua. Akajibu, "Nisamehe, Babu." Wiki saba zikapita bila yeye kunipigia.

Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na kitu kikiharibika shuleni swali langu la kwanza lilikuwa moja: nani alikigusa mwisho? Ni swali zuri kwa mtu mwenye haraka, maana jibu lake halikosi kupatikana. Huko nyuma, katika Chuo cha Ualimu Katoke, tulifundishwa kwamba mwanafunzi mzito hupimwa kwanza ndipo atolewe hukumu. Niliyaandika hayo katika mtihani nikapata alama nzuri.

Mwezi Machi nilichukua kompyuta, nikapanda basi. Tulipita Muhutwe, tukapita Kemondo, nami nimeipakata mapajani kama mtoto mgonjwa. Mjini Bukoba nilielekezwa kwa binti mmoja fundi mwenye kibanda karibu na soko. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si mafundi wote hulifanya. Nikamwonyesha daftari nililokuwa nimeandika muda wa kuwaka kwa asubuhi saba, kwa saa yangu ya mkononi. Zote zilikaribia dakika mbili na nusu.

Aliliangalia daftari kwa muda. "Mwalimu," akasema, "aliyechoka hachelewi kwa kipimo kimoja kila siku. Huyu hajachoka. Kuna kitu anakisubiri."

Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Iko amri inayoorodhesha kila huduma iliyoanzishwa wakati wa kuwaka, na sekunde ilizotumia, iliyochukua muda mrefu ikitangulia. Waliotunga amri hiyo waliipa neno la Kiingereza lenye maana ya lawama. Nilitabasamu moyoni nikijua jina la mjukuu wangu, kwa namna fulani, litatokea pale. Halikutokea. Hapakuwa na hata huduma moja iliyotumia muda wa kutosha kueleza uzito ule.

Ndipo akaizima, akaiwasha tena, na picha ya mwanzo ilipotokea akabonyeza kitufe cha kuiondoa. Nyuma yake mistari ikashuka upesi, kisha ukabaki mmoja. Ulikuwa unahesabu: sekunde 10, sekunde 20, kati ya 90. Kompyuta ilikuwa inasubiri kifaa fulani cha kuhifadhia. Ilipofika 90 ikakata tamaa, ikaendelea na kazi zake.

"Hapa ubavuni palikuwa na kadi ndogo," binti akasema, akionyesha tundu tupu. "Iko wapi?"

Nilijua iko wapi. Ilikuwa ndani ya redio yangu. Wiki ile ya Krismasi niliichomoa, nikaipeleka kwa kijana wa duka la simu anitilie nyimbo za zamani. Akaifuta yote iliyokuwamo, akanijazia.

Binti akanieleza. Kumbukumbu ya kompyuta yangu ni GB 2 tu, na toleo lile lapendekeza 4. Fundi wa mwaka 2020 aliitenga kadi ile iwe mahali pa akiba, pa kuwekea vitu kumbukumbu inapojaa, kama mama anavyotoa vyombo uani jiko likijaa. Katika faili la orodha ya diski aliandika kwamba kadi hiyo ipo. Kila asubuhi kompyuta ilisoma orodha, ikaitafuta kadi, ikaisubiri dakika moja na nusu, kisha ikaanza kazi bila akiba, ikakwama mzigo ulipozidi.

Akauwekea mstari ule alama ya reli mwanzoni ili usisomwe, akatenga GB 2 za akiba ndani ya diski yenyewe. Aliongeza kwamba toleo jipya lina uzito wake kidogo: kivinjari cha Firefox siku hizi hufika kimefungwa katika kifurushi chake, hivyo huchelewa kufunguka mara ya kwanza. Tukaiwasha. Dakika moja.

Nilimpigia mjukuu wangu nikiwa stendi. "Shikamoo, Babu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeitwa ofisini. Nikamweleza yote, pamoja na redio. Akanyamaza kitambo nikadhani simu imekatika. "Kwa hiyo Babu," akauliza taratibu, "hizo nyimbo zilikuwa nzuri?"

Pasaka alikuja nyumbani. Lakini wale waliokuwapo uani asubuhi ile walikuwa wamemsikia akilaumiwa, na baadhi yao walikuwa wakimwita mharibifu kwa utani. Katika mkutano wa chama uliofuata, tulipofika kwenye mengineyo, niliomba nafasi, nikasimama, nikasema kadi aliitoa nani. Kisha nikaketi, nikaliandika jambo hilo katika muhtasari kwa mkono wangu, kwa kuwa mimi ndiye katibu.