Jumamosi Ijayo

Ndugu msomaji, leo nataka kukuzungumzia sinema za kale, tena za mambo ya kubuni tu, juu ya watu waliopanda roketi kwenda kupigana katika sayari nyingine. Usilikunje gazeti. Mimi ni karani wa parokia, mtu wa vitabu vya ubatizo na stakabadhi za zaka, wala sikudhani hata siku moja kwamba sinema hizo zingenifundisha jambo la nyumbani kwangu. Lakini zilinifundisha, nami nikajifunza kwa aibu.

Mwaka jana kaka yangu mkubwa alifariki dunia. Siku alipopelekwa hospitali alimwambia mwanawe, mvulana wa miaka tisa, "Jumamosi nitarudi." Jumamosi ilipofika tulirudi na maiti. Basi mtoto akaja kukaa kwangu. Alikula, alikwenda shule, alichota maji, lakini hakusema neno ila ameulizwa.

Wakati huo mwalimu mmoja niliyesoma naye chuo cha ualimu alinipa flashi yenye sinema ya Flash Gordon. Habari za huyo Flash hazikuanza katika sinema, zilianza gazetini. Tarehe 7 Januari 1934 magazeti ya Marekani yalianza kutoa hadithi yake kwa picha zilizochorwa na Alex Raymond, kipande kimoja kila Jumapili, na watu wakakingojea kama wewe unavyolingojea gazeti hili. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1929, hadithi ya picha ya Buck Rogers ilikuwa imetangulia. Mwaka 1936 kampuni ya Universal ikamtoa Flash gazetini ikamtia katika sinema ya sehemu 13, kila sehemu dakika kama 20. Buck Rogers naye akafuata mwaka 1939, kwa sehemu 12.

Sasa angalia ujanja wao. Watoto wa Marekani walionyeshwa sehemu moja tu kwa juma, mara nyingi siku ya Jumamosi. Na kila sehemu ilikatwa mahali pa hatari: shujaa anatumbukia shimoni, au roketi inaanguka, mara taa zinawashwa. Nendeni nyumbani, njoni Jumamosi ijayo! Hivyo mtoto alirudi na senti zake.

Mimi nilikuwa nazo sehemu zote 13, tungeweza kuzimaliza usiku mmoja. Lakini nikaona afadhali tufuate desturi ile ya zamani. Kwa ruhusa ya Padre nikawa naichukua kompyuta ya ofisini kila Jumamosi jioni, tukaketi sebuleni, mtoto na mimi.

Picha hazina rangi. Sayari Mongo inaijia dunia yetu kwa kasi, na Flash anakwenda huko na wenzake kupambana na mfalme Ming, mtu asiye na huruma. Roketi yao ni kitu kidogo kilichoning'inizwa kwa waya, na moshi wake, badala ya kubaki nyuma, unapanda juu kama moshi wa jikoni. Mtoto alipouona akacheka. "Baba Mdogo, tazama ule moshi!" Mke wangu alitoka jikoni kuja kusikiliza, maana tangu msiba hatukuwa tumekisikia kicheko kile.

Jumamosi ya nne akaniuliza, "Mbona huyu hafi? Kila mara tunadhani amekufa, kumbe hajafa. Baba alikufa kweli."

Msomaji, nilisomea ualimu, lakini jibu sikuwa nalo. Nikamwambia kweli tupu: huu ni mchezo. Mchezaji wake aliitwa Buster Crabbe, mwogeleaji aliyepata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1932 kule Los Angeles. Naye alikufa, mwaka 1983.

"Hata yeye?"

"Hata yeye."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Lakini Jumamosi tutaangalia?"

Nikajibu, "Tutaangalia." Nililisema neno hilo kwa wepesi, kama tunavyowaambia watoto mengi.

Jumamosi ya tisa ilikuwa mwisho wa mwezi. Hesabu za parokia tulizimaliza saa kumi na moja jioni. Njiani nikakuta wenzangu dukani wanabishana habari za mpira, nikaketi nao. Nilipofika nyumbani ilikuwa saa tatu usiku. Mtoto alikuwa amekaa kizingitini gizani. Chakula chake hakukigusa. Aliponiona hakulia. Alisema tu, "Nilidhani hata wewe hurudi."

Nimehesabu fedha za watu miaka mingi bila kupoteza hata senti, lakini usiku ule nilijua nina deni. Kwangu ilikuwa ni sinema ya watu wa kale na moshi wao. Kwa mtoto yule, kila Jumamosi alikuwa akipima kama neno la mtu mzima lina mwisho mwema. Nikamwomba radhi, mimi mtu mzima, tukaiangalia sehemu ya tisa usiku ule ule. Tangu hapo sikukosa tena.

Ndugu msomaji, huenda nyumbani mwako hamna sinema wala kompyuta. Si kitu. Iwe ni hadithi jioni, au kwenda mtoni pamoja, au kusomeana gazeti hili. Ukimwahidi mtoto Jumamosi, iwe Jumamosi.

Katika sehemu ya 13 Flash na wenzake wanarudi duniani salama. Mtoto akaniuliza, "Zimekwisha?" Nikamwambia kwamba iko nyingine ya mwaka 1938, ya safari ya Mars, yenye sehemu 15.

Akahesabu kwa vidole. "Basi," akasema, "Jumamosi ijayo." Akaenda kulala.