Kwenda Ipole Kumchukua Mzee na Mbwa Wake

Dada yangu anaishi Glasgow, katika nchi ya Scotland, na kila majira ya joto hututumia picha za matembezi yake. Yeye na mumewe hukodi gari ambalo ndani yake mna vitanda, jiko na tangi la maji, kisha huzunguka milimani na kando ya maziwa kwa muda wa juma zima, wakilala pale jua linapowachwea. Katika picha hizo, karibu kila gari lililoegeshwa jirani nao lina mbwa mlangoni. Watu wa huko, asema, bila mbwa huiona safari haijatimia. Watoto wangu walizitazama picha zile mara nyingi kuliko nilivyopenda, na yule wa pili, ambaye hapitwi na jambo, akauliza: "Baba, na sisi tutalala garini lini?"

Sisi hatuna gari la namna hiyo. Tunayo Hiace kuukuu ambayo siku za kazi hubeba abiria. Hata hivyo, mwezi wa Juni shule zilipofungwa, nilifungua viti vya nyuma, nikatandika magodoro mawili, nikapakia jiko la mkaa, madumu matatu ya maji, birika, mikeka na mablanketi, kwa kuwa Juni ya Unyamwezi haina huruma usiku. Watoto wakaridhika kwamba tumefanana na shangazi yao. La mbwa hatukulifikiria kabisa. Nyumba yetu ni ya Kishafi tangu kwa babu, na mbwa kwetu ni kitu cha kupitwa mbali.

Safari yenyewe ilikuwa na sababu nzito kuliko matembezi. Baba yangu mdogo, mrina asali wa Ipole, macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho. Ndugu tulikaa, tukakubaliana kwamba Mzee asiachwe peke yake porini, aletwe Tabora akae nasi na atazamwe na madaktari. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumleta.

Tulitoka baada ya Alfajiri. Miembe ya Tabora, ambayo wazee wetu hupenda kusema ilipandwa na watu wa misafara, ikabaki nyuma katika ukungu. Barabara ya kwenda Sikonge na kuendelea hadi Mpanda sasa ni ya lami, na vijana wa leo hawawezi kusadiki kwamba kwa njia hii tuliwahi kutumia siku nzima, nusu yake tukisukuma lori. Kando ya njia yako mabani ya kukaushia tumbaku, na kuni zilizopangwa zikisubiri moto. Baada ya Sikonge mashamba hupungua, kisha huja miombo yenyewe: mitundu, miyombo na mininga, msitu ambao kwa mbali huonekana mmoja, lakini ukiuingia huwa ni kivuli chepesi na nyasi za rangi ya shaba. Tulipopunguza mwendo, mbung'o wakaanza kugonga vioo.

Njia hii ya kusini ni ya zamani. Msafara uliofika Unyanyembe kutoka Bagamoyo ulikuwa na hiari ya kwenda magharibi moja kwa moja hadi Ujiji, au kushuka kupitia Ugunda na Ukonongo. Katika mwaka 1871, vita vya Mirambo vilipoziba njia ya magharibi, waliotaka kufika Ujiji walilazimika kuzunguka huku. Na kama mtu anaona ni jambo la kisasa Waskoti kusafiri na mbwa, basi na akumbuke kuwa Livingstone, aliyezaliwa Blantyre karibu na huko anakoishi dada yangu, naye alikuwa na mbwa wake mdogo aitwaye Chitane, aliyekufa maji Januari 1867 wakati wa kuvuka kinamasi katika nchi ambayo leo ni Zambia. Miaka mitano baadaye, Agosti 1872, Livingstone alitoka Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akashika upande huu wa Ukonongo, asirudi tena akiwa hai. Niliwasimulia watoto habari hizi garini. Walichouliza ni kwa nini hakuna aliyemvusha mbwa yule mgongoni.

Ipole ni njia panda. Ukitoka Tabora, kulia unakwenda Koga na Mpanda, kushoto unashika njia ya Rungwa hadi Chunya na Mbeya. Malori hupumzika hapo, na kinamama huuza asali katika chupa zilizokwisha kunywewa maji. Iko nyeupe iko nyeusi, na mtaalamu hukuambia kwa kuilamba nyuki walikuwa wakitembelea maua gani. Nyumba ya Mzee iko ndani kidogo, chini ya mwembe, na nyuma yake kuna bani la zamani lisilotumika.

Alikuwa amekaa kibarazani. Kabla hatujamaliza kutoa salamu, akatoka chini ya kiti chake mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limekatika, akaja kuninusa miguu. Watoto wakapiga kelele, nusu kwa hofu na nusu kwa furaha. Mzee akasema, "Huyo ni Simba. Msimwogope, anawahesabu tu."

Mama watoto hakusema kitu, lakini nilimwona akivuta pindo la nguo yake. Jioni ile Simba alipitisha ulimi ndani ya sufuria tuliyokuwa tumeiweka chini. Basi ikabidi sufuria ioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo, na maji ya Ipole katika msimu wa kiangazi hayachotwi hatua mbili. Mimi nikapandisha hasira ya mtu aliyechoka na safari. Nikamwomba Mzee, kwa maneno ya adabu lakini kwa sauti isiyokuwa na adabu, mbwa afungwe nyuma ya bani mpaka tuondoke. Nikaongeza kwamba Tabora hatutakwenda naye.

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mgeni ana haki yake, mwanangu." Akamwita mbwa, akampeleka mwenyewe, akipapasa ukuta.

Tukalala garini, na watoto walikuwa wamefika peponi kwao. Nyota za Ipole hazina taa ya kushindana nazo. Fisi alilia mbali, upande wa msitu. Yapata saa tisa usiku mbwa akaanza kubweka, akabweka bila kupumzika, nami nikajifunika blanketi masikioni nikisema moyoni kwamba hata akiwa mbali hatuachi. Mama watoto ndiye aliyeinuka. Akafungua mlango, akaangaza tochi kibarazani, akaniambia: "Mlango wa Mzee uko wazi. Na birika halipo."

Mzee, kama ilivyo ada yake, alikuwa ameamka kwa ajili ya swala ya usiku, akatoka kwenda shimo la maji kutia udhu. Tukaita, hakuna jibu. Tukaenda hadi kwenye shimo la maji, na hapo tukalikuta birika limelala ubavu. Sitausahau muda ule. Kila kichuguu nilichokimulika nilidhani ni mtu aliyekaa. Jirani akatoka na panga na taa, na swali lake la kwanza halikuwa Mzee ameelekea wapi. Aliuliza, "Mbwa yuko wapi?"

Nilikwenda mwenyewe kumfungua. Mikono yangu ilitetemeka na fundo likanishinda, jirani akalikata kwa panga. Simba hakunitazama. Alipita penye shimo la maji, akainamisha pua, akachukua njia ya ng'ombe inayoingia msituni, akawa anakwenda na kusimama kutungoja, kwa kuwa sisi ndio tuliokuwa vipofu. Tulimkuta Mzee amekaa chini ya mtundu, amejifunika shuka, anavuta uradi taratibu. Akapapasa kichwa cha mbwa kwanza. Kisha akasema, "Nilijua mtakuja. Sikujua tu mtachukua muda gani kumfungua."

Asubuhi nilikwenda kwa imamu wa msikiti, mtu mpole aliyekuwa akianua tumbaku yake, nikamweleza yote. Hakunilaumu wala hakunilainishia sheria. Alisema hukumu ya mate ya mbwa katika madhehebu yetu ni ile ile, na Mtume (rehma na amani zimshukie) ametahadharisha kwamba anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa na ujira wake kila siku. Lakini hadithi hiyo hiyo imevua mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wamepima kwayo haja nyingine kama ulinzi. "Na haja ya mzee asiyeona je?" akauliza, akaendelea kuanua majani. Alinikumbusha kwamba katika Suratul Maida yamo mawindo ya mbwa waliofundishwa, na kwamba vijana wa pangoni katika Suratul Kahf walikuwa na mbwa wao aliyenyoosha miguu yake kizingitini, akatajwa kila walipohesabiwa. Akamtaja pia yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa. Kuhusu malaika kutoingia nyumba yenye mbwa, alisema wapo kama al-Khattabi walioona kwamba mbwa aliyeruhusiwa hahusiki, na wapo kama an-Nawawi walioona kwamba kauli ni ya wote. "Kwa hiyo mjengee nje," akasema, "nawe utakuwa umesalimika kote." Mzee, alinihakikishia, hajawahi kumkaribisha Simba uani kwa msikiti. Mbwa mwenyewe husimama penye mwembe wa njiani na kungoja hapo mpaka jamaa watoke, na siku za Ijumaa hungoja hotuba nzima.

Siku ile ya pili Mzee alinipeleka kwenye mizinga yake ya karibu, iliyo katika ardhi ya kijiji. Ile ya mbali, ndani ya hifadhi ambako mbwa hatakiwi, amekwisha waachia vijana. Alishika kamba ya katani iliyofungwa shingoni mwa Simba, nami nikafuata nyuma kama mtoto. Alinionyesha mizinga ya magome aliyoining'iniza ujanani. Mti uliochunwa gome pande zote hufa, akasema, na leo angepewa tena ujana angetumia magogo yaliyoanguka au masanduku wanayofundishwa vijana katika chuo cha nyuki cha Tabora. Aliweka sikio kwenye mti, akaniambia mzinga upi una nyuki na upi wamehama. Hakukosea hata mmoja. Mbwa alilala mbali na mizinga, amefunika pua kwa miguu. Alikwisha pata somo lake huko nyuma.

"Mimi nitakuja Tabora," Mzee akasema tuliporudi. "Macho nayataka. Lakini huyu nikimwacha, nani atampa chakula? Watamtupia mawe mpaka afe. Na huko kwenu, msikitini nitapelekwa na nani? Wewe unaondoka na gari alfajiri."

Kwa kweli, sikuwa na jibu, maana alfajiri huwa niko stendi. Nilimtazama mama watoto. Gari lile hubeba watu wenye kanzu za Ijumaa, na nyumba ni yake kabla ya kuwa yangu. Alikaa kimya akipanga vyombo, kisha akataka kujua kama Ipole linapatikana turubai la kununua.

Lilipatikana. Tulilitandika nyuma kabisa, juu yake gunia, na Simba akafungwa hapo, magodoro yakakunjwa mbele na vyombo vikapakiwa juu ya keria. Dumu moja la maji na mfuko wa udongo vilitengwa kwa dharura. Kati ya Ipole na Sikonge tuliegesha chini ya mninga, tukatandika mikeka, tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, Mzee akiwa imamu wetu. Mbwa alifungwa kwenye mti upande wa pili wa gari. Nilipotoa salamu nilimwona ameelekea barabarani, masikio yamesimama, lile zima na lile la nusu.

Mtoto wangu alipiga picha hapo, tukamtumia shangazi yake. Jibu likaja kabla hatujafika Sikonge: anataka kujua mbwa huyo ni wa aina gani. Mzee akasema aambiwe ni wa Ipole.

Sasa ni wiki ya tatu. Mzee amepewa tarehe ya kupasuliwa jicho la kulia, na anasema akipona atarudi kwa nyuki wake kabla ya mvua. Simba analala katika kibanda cha mabati penye geti, na kila alfajiri namwona kwenye kioo cha gari akimwongoza Mzee kando ya mtaro. Majirani wawili wamekuja kulalamika, na mmoja wao amerudi kuomba radhi. Karibu na bomba pamewekwa kopo jekundu ambalo hakuna mwingine anayeruhusiwa kulitumia, na ndoo ya udongo ambayo mama watoto huijaza mwenyewe.