Video Yangu Kubwa Kuliko Zote ni ya Uongo

Video yangu iliyotazamwa zaidi ina sekunde 14, na ni ya uongo. Si uongo wa kupanga, lakini uongo ni uongo. Nilikuwa nimekaa kwa ngazi ya mlango wa jikoni hapa kwetu Kimumu, nakunywa chai, nikaona ndege mdogo mweusi mwenye kifua chekundu akiingiza mdomo kwa maua ya fensi yetu. Nikatoa simu. Jua lilimpiga vizuri, utosi wake ukawaka kijani. Nikaweka muziki kidogo, nikaandika juu yake "Hummingbird wa Kimumu", nikapost, nikaenda dukani kununua mkate. Kurudi, simu inatetemeka kama posho mill.

Siku tatu baadaye ilikuwa imefika watazamaji laki mbili na kitu. Video zangu zingine hufika 800 zikijikaza sana, kwa hivyo mnaweza kuelewa vile nilianza kutembea. Watu wa Nairobi wakiuliza Kimumu ni wapi. (Ukitoka Eldoret mjini ukielekea Iten, hufiki mbali. Mtu wa boda anajua.) Alafu ikaingia komenti moja, haina emoji, haina hasira: "Hakuna hummingbird Afrika. Huyo ni chozi."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia aende akalale na vitabu vyake. Mwingine akadakia, "ndio maana uliacha chuo." Hiyo iliniuma, kwa sababu enyewe niliacha, mwaka wa pili, na sababu si za leo. Usiku huo nikakaa macho nikitafuta ushahidi wa kuwanyamazisha wote wawili. Nilitafuta mpaka bando ikaisha. Hakuna. Kuna zaidi ya aina 300 za hummingbird duniani na zote, yaani zote, ziko Amerika, kuanzia Alaska huko juu mpaka ncha ya kusini kabisa. Afrika hakuna hata mmoja, ukiondoa yule wa kapshoni yangu.

Swali ambalo lilinikosesha usingizi si kama nilikuwa nimekosea. Ni hili: kwani nilimjulia wapi hummingbird, ndege ambaye sijawahi kuona, na sikuwa na jina la huyu ambaye nimekua nikimwona kila asubuhi?

Jibu moja ni Wangari Maathai. Kama ulisoma shule Kenya hii, nafikiri uliwahi kusimuliwa ile hadithi yake: msitu unaungua, wanyama wakubwa wamesimama wakitazama, ndovu na mkonga wake wote, na kandege kadogo kanaenda mtoni na kurudi kakibeba tone moja moja la maji kwa mdomo. Yeye alisimulia vizuri, na haikuwa kazi yake kutufundisha ndege. Hadithi yenyewe haikuzaliwa huku, aliichukua kwa wengine akaitumia vile ilifaa. Mimi ndiye niliyesikia nikiwa darasa la nne na nikajaza mwenyewe kwamba kandege kale ni ka hapa, ni kale ka kwetu. Jibu la pili ni simu. Ukitafuta ndege anayekunywa maua utaletewa Marekani, siku saba kwa wiki.

Na jina lilikuwepo tu. Chozi. Kiswahili kina hilo neno siku zote, ni lile lile la chozi linalotoka machoni. Mathe yeye humwita "kale kandege ka maua", na nilipomwambia chozi aliniuliza nani analia.

Wacha niseme tofauti, kwa sababu mimi mwenyewe nilidhani ni ubishi wa majina tu. Chozi na hummingbird hawana undugu wa karibu. Chozi yuko upande wa akina shomoro. Hummingbird anatoka ukoo mwingine kabisa. Wamefanana kwa sababu wanafanya kazi moja, kunyonya nekta, kama vile wapiga debe wa stage mbili tofauti wanaishia kuwa na sauti moja. Na kuna kitu kimoja kilinifanya nikae chini. Mwaka 2004, mwaka ule ule Wangari alipewa Nobel, mtafiti anayeitwa Gerald Mayr alitangaza mifupa ya hummingbird wa kale iliyopatikana Ujerumani, ya miaka kama milioni 30 iliyopita. Kwa hivyo kuna wakati hao ndege walikuwa upande wetu wa bahari, alafu wakaisha. Nilipost hiyo. Watazamaji 412.

Sasa fensi. Haya maua si ya kwetu pia, na hapo ndipo mambo yanakuwa matamu. Ni mmea wa kutambaa unaoitwa Pyrostegia. Jina lake la Kiingereza nimeamua kutoliandika, nawajua vile mko kwa komenti. Mmeuona: vishada vya maua ya rangi ya machungwa, membamba kama vidole, umefunika mageti na mabati ya watu mpaka huoni geti. Asili yake ni Brazil na nchi za jirani. Kule, anayeuhudumia ni hummingbird mwenyewe. Mathe alinunua mche kwa muuza miche wa kando ya barabara miaka nane iliyopita, shilingi 150, ili ufiche seng'enge iliyochakaa. Hakuwa anafikiria ndege. Alikuwa anafikiria majirani.

Wakati huo huo kuna mmea wetu, Thunbergia, ule wa maua ya njano na jicho jeusi katikati, unaomea wenyewe kwa vichaka na mathe huung'oa kila wiki kama magugu. Huo ulipelekwa ng'ambo, na huko Marekani watu wanaupanda kwa nyungu wakitarajia hummingbird wao aje. Kwa hivyo mimea ilipanda meli, wao wakachukua wetu sisi tukachukua wao. Ndege ndio walibaki kila mmoja kwao, wakapata wageni kwa uwanja.

Na mgeni ana shida zake. Hummingbird hula akiwa hewani, anapiga mabawa amesimama mahali pamoja kama drone. Maua yaliyozoeana naye hayana haja ya kumpa kiti. Chozi anaweza kujaribu hivyo kwa sekunde chache, lakini anapenda kukaa. Kwa hivyo kwa fensi yetu utamwona anashika kikonyo, anajipinda, kichwa chini miguu juu. Na mara nyingi hahangaiki na mlango. Anatoboa kitundu chini kabisa ya ua, pale nekta ilipo, ananyonya, anaenda. Chavua hajagusa. Angalieni maua yaliyoanguka kwenu chini ya fensi, geuza moja, utaona tundu. Nilichukua video ya hiyo nikaandika "mwizi wa Kimumu", na hapo angalau sikudanganya.

Kabla sijajua haya yote niliwahi kufanya ujinga wa chupa. Niliona mama mmoja wa Texas kwa YouTube akichanganya sukari kipimo kimoja na maji vipimo vinne, akaning'iniza chupa nyekundu, ndege wakajaa. Nami nikachukua chupa ya soda, nikapaka kifuniko rangi ya kucha ya dada yangu (bado hajui), nikaning'iniza kwa kamba ya nguo. Siku ya kwanza: siafu. Siku ya pili: nyuki, na mathe akashindwa kuanika nguo. Siku ya nne hayo maji yalikuwa yananuka kama busaa. Chozi hata hakuangalia. Sikuwa nimemwekea mahali pa kukaa, na nusu mita kutoka hapo kulikuwa na maua elfu yasiyo na harufu ya busaa.

Kitu kingine watu waliuliza sana ni kwa nini kuna mmoja anafukuza wenzake siku nzima na maua ni mengi. Hii ilishafanyiwa kazi, na ilifanywa hapa hapa Kenya. Frank Gill na Larry Wolf walikaa Bonde la Ufa wakimtazama chozi mwenye mabawa ya dhahabu kwa maua ya Leonotis, ule mmea wa kando ya barabara wenye mipira ya machungwa iliyopangwa kama ngazi. Walichapisha mwaka 1975. Walipiga hesabu ya kalori: akipumzika anatumia kama 400 kwa saa, akitafuta chakula 1,000, akifukuza wenzake 3,000. Kufukuza ni ghali, manze. Kwa hivyo anafukuza tu pale inalipa. Na ile imenikaa kichwani ni kwamba eneo la mmoja lingekuwa dogo kama chumba na la mwingine kubwa kuliko ploti mbili, lakini ukihesabu ndani yake, yote yalikuwa na maua kama 1,600 hivi. Ndege hapimi ardhi. Anahesabu maua.

Mzee wangu anapima ardhi.

Ploti yetu ni hamsini kwa mia, kama za watu wengi huku, na nyinyi mnaokaa Kimumu mnajua kila ploti inaota nini siku hizi. Wanafunzi wanatafuta vyumba, kila mtu anajenga. Mzee ameweka akiba muda mrefu ajenge bedsita sita upande wa nyuma, na ukuta wa mawe pale fensi ilipo. Hesabu yake iko sawa kabisa. Nimekula kwa hiyo hesabu, na bado nakula, nikiwa na miaka ishirini na mbili na kazi ambayo yeye huiita "hiyo simu yako". Kwa hivyo sikuwa na mdomo wa kumwambia asijenge.

Lakini wiki ile mawe yaliletwa, niliona kiota. Kimening'inia ndani ya majani kama soksi ndogo, mlango ubavuni na kibaraza juu yake. Chozi jike ndiye hukijenga, kwa nyasi na utando wa buibui. Cha kwetu kina kipande cha gunia na uzi wa braids, nafikiri za dada yangu. Nikangoja mzee amalize habari za saa tatu.

"Baba, hiyo fensi inaweza kungoja kidogo? Kuna kiota."

"Kiota cha nini?"

"Cha chozi."

"Chozi ni nini?"

Nikamwonyesha ile video. Akaitazama mara mbili, simu ameishika mbali vile wazee hushika. Akasoma maneno ya juu. "Si hapa umeandika kitu kingine?"

Nikamweleza, kutoka mwanzo, mpaka ile komenti. Akacheka ile ya puani. "Kwa hivyo watu laki mbili umewadanganya." Nikamwambia ndio. Akanyamaza, akauliza kama hao ndege wanalipa kodi, akaenda kulala.

Asubuhi nilimkuta amesimama kwa fensi na kikombe chake. Akaniambia anaangalia kama jiwe la mpaka bado liko. Jiwe la mpaka liko upande ule mwingine. Jioni alimpigia fundi simu, akasema kazi ianze nyuma kwanza, hii ya mbele ikuje baada ya mwezi. Hakusema kwa nini. Fundi naye hakuuliza.

Mwezi unatosha. Mayai hukaliwa kama wiki mbili, na makinda hutoka wiki kama mbili tena. Saa hii wameshatotoa. Mama yao anawaletea wadudu, si nekta, hilo sikulijua. Nilidhani nekta ndiyo uhai wote wa huyu ndege. Ile fensi inamlishia watoto kwa buibui na vipepeo wadogo ambao mathe amekuwa akiwapulizia dawa. Mathe ameacha dawa. Kwa sasa.

Kuhusu ile video. Wengi mmeniambia niifute, wengine mmeniambia niiache kwa sababu ndiyo imeleta followers. Sijaifuta. Nimebadilisha maneno, sasa inasema "Chozi, Kimumu. Nilikosea." Haisongi tena, hiyo nimekubali. Yule wa komenti ya kwanza nilimwandikia kwa inbox nikamwomba msamaha. Alinijibu kwa picha ya chozi wa kwake Kilifi, bila neno lolote.

Ukuta utajengwa. Nimekata vipande vya ule mmea, vilivyokomaa nusu, urefu wa kalamu, nikavichomeka kwa mchanga wenye unyevu kwa makopo ya mafuta ya kupikia. Kumi na moja. Vinne vimeshika mizizi mpaka jana. Viwili ni vya kupanda chini ya ukuta, mzee amekubali alimradi visiguse mfereji wa maji. Na nimepanda Leonotis kwa ile kona ya takataka, mbegu nilitoa kando ya barabara, bure, chozi anaijua bila kufundishwa.

Vile viwili vingine ni vya mtu yeyote wa Kimumu. Njoo na kopo lako.